Mkono Uliopotea Katika Picha

Masomo: Luka 15:25–32, Wakolosai 1:15 na 3:10

Ninyi mlio jikoni mkitayarisha chai, ninyi mlio safarini, na ninyi mliolala vitandani kwa sababu ya ugonjwa, karibuni tuketi pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo twataka kuwaeleza habari ya picha moja ya zamani, jinsi ilivyoharibika na jinsi ilivyotengenezwa. Labda mtauliza, "Picha na Neno la Mungu vina uhusiano gani?" Tuvumilieni kidogo, nanyi mtaona.

Katika ushirika wetu yuko mama mmoja mjane, ambaye umri wake umepita miaka 80. Katika sebule yake ilikuwa imetundikwa picha ya jamaa yake, iliyopigwa katika studio ya mjini mwaka wa 1969. Ni picha nyeusi na nyeupe. Mumewe ameketi kitini, amevaa koti na tai. Mama ameketi kando yake na mtoto mchanga magotini. Nyuma yao ni pazia lililochorwa maua. Msichana mmoja amesimama karibu na baba, na mwana wa kwanza, mvulana wa miaka 12, amesimama upande wa mama. Karibu na mvulana huyo, mahali aliposimama ndugu yake mdogo, hapana kitu. Pamekatwa kwa makasi.

Aliyekata ni yule mwana wa kwanza mwenyewe. Baba yao alifariki mwaka wa 1988, na baada ya mazishi ndugu hao wawili waligombana kwa sababu ya shamba. Maneno makali yalisemwa mbele ya watu. Mdogo akaondoka, akaenda kukaa mbali. Mkubwa, katika hasira yake, akaishusha picha ukutani, akamkata ndugu yake akamtoa, akaitundika tena. Mama hakusema neno. Aliitazama picha ile, na pengo lake, zaidi ya miaka 30.

Na katika miaka hiyo yote yule mwana mkubwa aliendelea na maisha yake. Alioa, akalea watoto, akapata wajukuu. Akachaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Siku ya Meza ya Bwana ni yeye aliyetupitishia mkate na kikombe.

Siku moja mama alimwita akamwambia, "Mwanangu, kabla sijaenda nataka kuiona picha yangu ikiwa nzima." Kwa maana picha nayo ilikuwa imechakaa. Mvua ilikuwa imepenya kwenye bati, maji yakateremka ukutani mpaka ndani ya fremu. Mwana alidhani mama anasema juu ya madoa. Akatuomba tufuatane nao mpaka mjini kwa kijana mmoja anayefanya kazi ya kutengeneza picha zilizoharibika kwa kompyuta.

Kijana yule alitupokea kwa heshima, akaiweka picha juu ya kitambaa safi, akaitazama kwa muda mrefu bila kuigusa. Kisha akatueleza jambo ambalo hatukulijua. Alisema kwamba picha za namna hii hazikuandikwa kwa wino kama gazeti. Zimefanywa kwa chembe ndogo sana za madini ya fedha, zilizoshikwa ndani ya utando wa gelatini, na gelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Kwa hiyo unyevu ukiingia, utando hulainika na kushikamana na kioo. Ukungu huota juu yake na kuula kama chakula. Ile fedha nayo hubadilika pole pole. Weusi wake huwa rangi ya kahawia, au hung'aa kama kioo pembeni mwa picha. Hata utepe wa gundi, ambao mama alikuwa ameutumia kwa nia njema kushika mahali palipochanika, ulikuwa umeacha doa la manjano.

Mwana mkubwa alinyosha mkono aibandue picha kutoka kwenye kioo. Kijana akamzuia. "La, mzee, tafadhali. Ukivuta, uso wa mtoto utabaki kwenye kioo." Akaiacha picha pamoja na kioo chake, akaiweka hivyo hivyo juu ya mashine iitwayo skana. Taa ikapita chini yake taratibu, na mashine ikaisoma picha nukta kwa nukta, nukta 600 katika kila inchi. Picha ile ilikuwa na upana wa inchi 6 na urefu wa inchi 8. Hesabuni wenyewe: ni zaidi ya nukta milioni 17. Na kila nukta hupewa namba yake, kuanzia 0 iliyo nyeusi kabisa hadi 255 iliyo nyeupe kabisa. Hakuna nukta isiyohesabiwa.

Kazi hii ya kuzigeuza picha kuwa namba ilianza Marekani mwaka wa 1957. Mtaalamu mmoja, Russell Kirsch, pamoja na wenzake, waliingiza katika kompyuta picha ya mwanawe mchanga. Ilikuwa ndogo, nukta 176 kwenda juu na 176 kwenda kando. Tulifurahi kusikia hivyo, kwamba picha ile ya kwanza ilikuwa uso wa mwana, na aliyeileta ni baba yake.

Basi kijana akaanza kazi. Nakala ya kwanza aliihifadhi pasipo kuigusa, akafanya kazi juu ya nakala ya pili. Alikuza picha mpaka jicho moja la baba likajaa kioo chote cha kompyuta. Penye mkwaruzo, alichukua nukta nzima zilizo jirani, akazipanda juu ya kovu, kama vile mama anavyotia kiraka cha kitambaa kile kile. Hakuharakisha. Alituambia turudi baada ya siku chache. Tuliporudi, madoa ya maji yalikuwa yamekwisha, na uso wa baba ulionekana wazi hata mama akashika shavu lake.

Likabaki lile pengo.

Mwana mkubwa akasema, "Hapo ziba tu, kijana. Vuta lile pazia la maua lifunike, ionekane kama hapakuwa na mtu."

Kijana hakubisha. Alijaribu. Kisha akaacha, akasema kwa sauti ya upole, "Mzee, njoo uutazame mkono wako."

Sote tukasogea. Miaka ile yote hatukuliona jambo hili, wala yeye mwenyewe hakuliona. Siku ile ya mwaka wa 1969, yule mvulana wa miaka 12 alikuwa ameuweka mkono wake begani kwa ndugu yake mdogo. Makasi yalipomkata mdogo, yaliukata pia mkono wa mkubwa. Katika picha, mkono wake uliishia kwenye kifundo.

"Nikivuta pazia hapa," kijana akasema, "wewe utabaki huna kiganja. Na nikitaka kulificha hilo, itanibidi nikukate zaidi, mpaka begani. Mzee, sioni njia ya kukutoa mzima katika picha hii bila yeye."

Mwana mkubwa alinyamaza. Halafu akasema, "Basi mchore."

Siku hizi ziko programu za kompyuta ziitwazo akili mnemba, ambazo zaweza kuweka uso mahali pasipo na uso. Kijana alifanya hivyo mbele yetu. Kwa muda mfupi sana akatokea mvulana mzuri, mwenye ngozi laini na macho ya kung'aa. Mama akavaa miwani yake, akatazama, akauliza, "Mtoto huyu ni wa nani?"

Naye kijana akakiri kwamba mama amesema kweli. Programu zile zimejifunza kutoka kwa nyuso nyingi sana za watu wengine, na kinachowekwa katika pengo ni kukisia tu. Kinafanana na wengi, lakini si mtu yeyote. "Nyanya," akasema, "mimi naweza kusafisha kilichopo. Kisichopo siwezi kukijua. Namhitaji yeye mwenyewe, au picha yake ya siku zile."

Chumba kikawa kimya. Mama akafungua mkoba wake, akatoa karatasi iliyokunjwa. "Namba yake ya simu ninayo," akasema. Miaka yote hiyo alikuwa nayo.

Mwana mkubwa aliichukua ile karatasi, akatoka nje barazani akapiga simu. Hatukumfuata, wala hatujui yote waliyosemezana. Tulisikia maneno ya kwanza tu: "Ni mimi, ndugu yako." Baadaye alikaa nje kwa muda mrefu.

Katika juma la tatu mdogo alikuja. Naye sasa ni mtu wa mvi. Alishika mkononi bahasha ya kaki, na ndani yake mlikuwa na picha moja ndogo. Kumbe siku ile ya mwaka wa 1969 mpiga picha aliwapiga mara mbili: mara moja jamaa yote, na mara moja wale wavulana wawili peke yao, nguo zile zile, pazia lile lile, na mkono wa mkubwa uko begani kwa mdogo. Alipoondoka nyumbani mwaka wa 1988 hakuchukua kitu kingine ila picha hiyo. Huyu mmoja alikuwa akiitazama picha isiyo na ndugu yake, na yule mwingine akitunza picha ya ndugu yake tu.

Kutoka katika picha hiyo kijana aliuchukua uso wa mdogo, na mkono wa mkubwa, akavirudisha mahali pake. Hakubuni kitu. Na alipotaka kuufuta kabisa mstari wa makasi, mwana mkubwa alimwomba auache kidogo, uonekane kama uzi mwembamba. "Wajukuu wangu wauone," akasema, "waniulize, niwaeleze."

Wapendwa, hatutaki kuwadanganya kwamba mambo yote yalikwisha siku ile. Shauri la shamba bado liko mbele ya wazee wa ukoo. Lakini sasa wanalizungumza wakiwa wameketi katika chumba kimoja, na mama yao ameketi kati yao.

Sasa tulitazame Neno la Mungu.

Katika sura ya kwanza ya Mwanzo tunaambiwa kwamba Mungu alimwumba mwanadamu kwa mfano wake. Sisi sote tu picha yake. Lakini picha hiyo imeingiwa na maji, imeota ukungu, na zaidi ya hayo tumeikata kwa mikono yetu wenyewe. Je, Mungu ameitupa? Hakuitupa. Zamani, katika karne ya 4, hapa Afrika, katika mji wa Alexandria nchini Misri, alikuwako askofu aliyeitwa Athanasio. Aliandika kitabu juu ya Neno la Mungu kufanyika mwanadamu, na humo alitoa mfano ulio karibu sana na habari yetu. Alieleza kwamba picha ya mtu iliyochorwa juu ya ubao ikiharibiwa na madoa, ubao hautupwi. Yule mwenye sura hurudi mwenyewe, akakaa tena mbele ya mchoraji, na sura yake ikachorwa upya juu ya ubao ule ule. Ndivyo alivyokuja Mwana wa Mungu. Mtume Paulo asema katika Wakolosai kwamba yeye ndiye mfano wa Mungu asiyeonekana, na kwamba utu wetu mpya hufanywa upya kwa kufuata mfano wa yule aliyeuumba. Ilimpasa aje mwenyewe. Barua haikutosha.

Lakini wengi wetu twapenda njia ile nyingine. Twapenda kuvuta pazia. Au twajichorea uso wa kubuni, uso laini wa siku ya Jumapili, unaofanana na Wakristo wengi lakini si wetu. Watu huusifu. Lakini Baba aliyetuzaa anapoutazama, auliza kama yule mama, "Mtoto huyu ni wa nani?" Ndugu yangu, dada yangu, usimletee Mungu uso wa kubuni. Mletee ule wenye madoa. Huo anaujua, na huo ndio anaoweza kuutengeneza.

Tena tukumbuke habari ya wana wawili katika Luka 15. Mara nyingi twahubiri juu ya yule mdogo aliyepotea. Leo tumtazame mkubwa. Anatoka shambani, anasikia ngoma na kucheza, anakataa kuingia. Na anapozungumza na baba yake, angalieni jinsi anavyomtaja aliyerudi. Hamwiti ndugu. Anamtaja kuwa ni mwana wa baba yake, basi. Hayo ndiyo makasi. Kwa neno hilo moja amemkata. Lakini baba anapomjibu, analirudisha lile jina mahali pake: anamkumbusha kwamba aliyekuwa amekufa na kupotea ni ndugu yake. Kisha habari inakoma hapo. Bwana Yesu hakutuambia kama mkubwa aliingia nyumbani au alibaki nje. Ameuacha mlango wazi, ili kila asikiaye ajibu mwenyewe.

Hatusemi kwamba mwenye kudhulumu asionywe, wala kwamba haki isitafutwe. Mwenye kudhulumiwa shamba ana haki ya kuwaita wazee. Mwenye kupigwa nyumbani ana haki ya kukimbilia mahali salama, na kanisa limsaidie. Lakini kutafuta haki ni jambo moja, na kumfanya mwenzako awe kama hakuzaliwa ni jambo lingine. Yule mzee wa kanisa alitupitishia mkate kwa mkono ambao katika picha ya mama yake haukuwapo. Alidhani amemwondoa mtu mmoja. Hakujua kwamba alijikata mwenyewe.

Na je, sisi? Huenda katika nyumba yako hakuna picha iliyokatwa kwa makasi. Lakini liko jina lisilotajwa mezani. Yuko dada asiyealikwa harusini. Yuko mwana ambaye ukiulizwa una watoto wangapi, humhesabu. Leo, kabla jua halijatua, itazame picha ya nyumba yako na uulize: Ni nani hayumo? Na mkono wangu uliishia wapi?

Kisha fanya kama yule mzee alivyofanya. Usingoje mpaka shauri la shamba liishe. Usingoje mpaka upate maneno mazuri. Maneno manne yalitosha: "Ni mimi, ndugu yako." Labda atakata simu. Labda itakubidi upige mara ya pili na ya tatu. Lakini huenda naye, mahali fulani mbali, ana bahasha ya kaki aliyoitunza miaka yote.

Na Bwana wetu alipofufuka katika wafu, hakuzificha alama za misumari. Aliwaonyesha wanafunzi wake mikono yake. Alikuwa mzima kabisa, na alama zilikuwapo. Basi usione haya kama upatanisho wako utabaki na mstari mwembamba. Acha wajukuu wauone, wakuulize, uwaeleze.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyetuumba kwa mfano wako, twakiri kwamba tumeiharibu picha yako ndani yetu. Twakushukuru kwa kuwa hukututupa, bali ulimtuma Mwanao aje mwenyewe. Tuondolee nyuso za kubuni. Turudishie ndugu tuliowakata, na mikono tuliyoipoteza pamoja nao. Wakumbuke akina mama wote wanaongoja kimya, wakiwa na namba za simu katika mikoba yao. Mpe nguvu kila mmoja anayesikia maneno haya, leo apige hatua ya kwanza. Twaomba katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.